Asili ya Neno Chokoleti, kwa Mujibu wa Mjomba

4 Januari

Mjomba wangu,

Mwaka umeanza vizuri huku kwetu, isipokuwa goti la mama. Daktari amemkataza kupanda ngazi, naye anazipanda makusudi ili daktari aaibike. Anakusalimu sana na anasema uache kula ukiwa umesimama. Uko mbali, safari ya siku mbili, sijui anakuona vipi, lakini salamu nimezifikisha kama zilivyo. Paka wako hajambo? Bado ananuna ukichelewa kazini?

Habari kubwa ni kwamba nimetoka kwenye chumba cha kuchambulia. Unajua kazi yenyewe: kakao ikishakaangwa inavunjwa, maganda yanapeperushwa na mashine, na sisi tunaondoa kwa vidole yale yaliyong'ang'ania. Miaka sita nimekuwa nikikohoa vumbi la kahawia. Sasa mkuu wa mauzo alikuwa anatafuta mtu wa kuandika maneno yanayochapwa kwenye karatasi za kufungia chokoleti, mtu asiyekosea. Wenzangu wote walininyooshea kidole, kwa sababu mimi ndiye ninayesahihisha matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia nimelelewa na mtu wa kamusi, miaka kumi nzima. Amenipa dawati kwa majaribio ya miezi mitatu.

Sasa nisaidie. Tunatoa chokoleti mpya, nyeusi, chungu kwelikweli, na mkuu wa mauzo anataka karatasi yake ieleze neno lenyewe, chokoleti, limetoka wapi na lina maana gani. Amesoma mahali kwamba ni "maji machungu". Ni kweli? Ukinijibu mapema utanifaa kuliko unavyodhani.

Mpwa wako,
Chiriku


22 Januari

Mpwa wangu Chiriku,

Barua yako imenikuta bomba la jikoni limepasuka, nimekunja suruali hadi magotini. Nimeisoma nikiwa nimesimama, mwambie dada yangu, lakini sikuwa nakula. Paka alipanda juu ya kabati maji yalipoingia na hajaona sababu ya kushuka.

Nimefurahi umetoka kwenye vumbi. Hilo ndilo la kwanza.

Sasa neno lako. Umekosea mtu wa kumuuliza, maana nimekaa na neno hilo karibu miaka miwili na siwezi tena kulijibu kwa ufupi. Sisi tumelipata kwa Waingereza. Wao liliwafikia kutoka kwa Wahispania, na Wahispania walilichukua ng'ambo ya bahari kuu, kwa watu waliosema Kinahuatl, ambao walikuwa wakiinywa kakao kabla mtu yeyote hajafikiria kuitafuna kama peremende. Mpaka hapo hatugombani. Ugomvi unaanza ukiuliza huko lilikotoka lilikuwa na maana gani.

Maelezo yangu katika kamusi ya asili ya maneno tunayoitayarisha nimeyaanza hivi: "Chokoleti maana yake ni maji machungu, ndivyo wasemavyo watu wanaonakiliana bila kufungua kitabu hata kimoja." Mkurugenzi wa ofisi yetu anaona sentensi hiyo ina kiburi. Mimi naipenda. Wanachosema ni kwamba xococ, wanayodai ni chungu, iliungana na atl, yaani maji, ikazaa xocolatl. Shida ya kwanza, hakuna aliyeliona neno hilo xocolatl katika maandishi ya zamani ya lugha ile. Kinywaji chenyewe walikiita cacahuatl, maji ya kakao, basi. Shida ya pili, xococ si chungu, ni chachu, kama limau. Chungu kwao ilikuwa chichic. Kwa hiyo hata hadithi yenyewe imetafsiriwa ovyo.

Wengine wanakwenda kwa Wamaya, kwenye neno la "moto", chokol, wanaliunganisha na yale yale maji. Wengine, na hawa ndio walionivuta, wanasema lilikuwa chicolatl, kutokana na kijiti cha ndoano cha kukorogea kinywaji mpaka kitoe povu. Ziko lahaja zinazolitamka hivyo hadi leo. Hawa nawapa sikio zaidi, lakini sina ushahidi wa kumfunga mtu. Ndiyo maana mwisho nimeandika: asili yake haijulikani kwa hakika. Maneno matano, miaka miwili.

Nimekuwekea nakala ya ukurasa mzima humu ndani. Isome wewe, isisomwe na kampuni. Kitabu kinatoka mwezi wa tisa, na baada ya miaka thelathini na moja jina langu litakaa kwenye jalada, si kule nyuma pamoja na dereva na mpika chai katika orodha ya waliosaidia. Mkurugenzi ameahidi mbele ya watu wote. Huyo mkuu wako wa mauzo mwambie aandike kwamba chokoleti ni tamu. Hilo halina mpinzani.

Mjomba wako


9 Februari

Mjomba,

Ukurasa umefika, haujakunjika hata pembe. Mimi nimeusoma mara tatu. Mama ameusoma mara moja, akasema mtu kutafuta kitu miaka miwili halafu akaandika hakijulikani, hiyo ni kazi ya mtu asiye na mke wa kumwita mezani. Lakini alicheka, na tangu hapo kila anayekuja kumwona anamweleza habari za chungu na chachu kana kwamba alizigundua yeye.

Mkuu wa mauzo nimemweleza yote uliyoniandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa haraka, anaongea huku anafunga na kufungua kifuniko cha kalamu. Mengine nitakueleza nikipata nafasi, tunafanya kazi hadi Jumamosi jioni sasa.

Kitabu bado ni mwezi wa tisa? Na hapo ofisini kwenu, huwa mnafuatilia matangazo ya biashara, au mnasoma vitabu tu?

Mpwa wako,
Chiriku


18 Machi

Chiriku,

Wiki tano sasa. Nimejiambia posta, nimejiambia kazi, nimejiambia goti la dada yangu. Posta nimekwenda mwenyewe, wanasema barua zinatembea. Niandikie mstari mmoja nijue goti halijazidi.

Huku bomba limepona, paka ameshuka. Tumefika kwenye prufu, kurasa za majaribio za kusahihisha, za herufi M, na macho yangu yanaona mistari miwili palipo na mmoja. Mkurugenzi ana upole usio wa kawaida. Jana aliniletea kiti kutoka chumbani kwake, akasema, "Mzee, mgongo huo tunauhitaji mpaka mwezi wa tisa." Sijazoea kuhitajiwa, nikakikalia kwa tahadhari.

Uliniuliza kama tunafuatilia matangazo ya biashara. Tunafuatilia kila kilichochapwa, ndiyo kazi yetu. Kwa nini umeuliza?

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba wangu,

Nisamehe kimya. Goti la mama limepungua uvimbe, anatembelea fimbo na fimbo hiyo sasa ndiyo inayotoa amri zote ndani ya nyumba.

Majaribio yamekwisha, wamenipitisha. Dawati ni langu, lipo karibu na dirisha, na lina droo yenye ufunguo. Jumatatu ya kwanza nilikaa tu nikafungua na kufunga droo. Sikohoi tena.

Chokoleti nyeusi imeshaingia madukani na watu wanaipenda. Nimekutumia vipande kumi. Utaona nimevitoa kwenye karatasi zake nikavifunga kwa karatasi nyeupe ya jikoni, ili visije vikakwaruzana njiani. Uvile kwa chai isiyo na sukari.

Mama amekataa kuionja. Amenuna kidogo siku hizi, usimuulize kwa nini, ni goti.

Mpwa wako,
Chiriku


6 Mei

Chiriku,

Dada yangu namtakia afya. Paka mzima. Salamu ndizo hizo.

Jumanne asubuhi, yule mama mpangaji wa kurasa wa ofisini kwetu, ambaye anajua kunitania, aliweka mezani kwangu kipande cha chokoleti nyeusi kilichofungwa vizuri. Akasema, "Mzee, kumbe umeanza kuuza? Na sisi tupunguzie bei." Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Halafu nikavaa miwani.

Nakunukulia, ingawa bila shaka unaijua kwa moyo. "Chokoleti maana yake ni maji machungu." Kisha nukta. Pale nilipoweka koma, mtu ameweka nukta. Chini yake: "anathibitisha mhariri wa kamusi ya asili ya maneno", na jina langu, la kwanza, la baba na la babu, kwa rangi ya dhahabu.

Saa nne niliitwa. Karatasi hiyo hiyo ilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, amekwisha kuinyoosha kwa rula.

"Haya ni maneno yako?" akauliza.

"Ni nusu ya maneno yangu."

"Nusu ndiyo iliyochapwa. Miaka miwili unatuambia hakuna ajuaye. Leo unawathibitishia wanunua chokoleti kwamba wewe unajua. Tukuamini wewe yupi?"

Nikasema sikumpa mtu ruhusa. Akauliza walipataje sentensi ambayo haijachapwa popote, iliyo kwenye rasimu yangu peke yake. Hapo, Chiriku, nilikuwa na jibu, nikalimeza. Nilisema sijui. Nina umri wa miaka sitini na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesema uongo ndani ya ofisi ile.

Baada ya chakula cha mchana walikuwa wakinong'ona kwamba kampuni imenilipa. Mpika chai ndiye aliyeniambia, kwa huruma.

Sasa nimeelewa kwa nini vile vipande kumi vilikuja uchi. Nimevigawa kwa majirani. Niambie nani aliikata sentensi yangu.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Mama amesimama nyuma yangu na fimbo yake, anasema niandike ukweli niondoe aibu nyumbani kwake.

Ni mkuu wa mauzo. Nilimpa ukurasa wako ausome ili aelewe kwamba jambo lenyewe lina utata, kama ulivyonieleza. Alichukua kalamu akapiga mstari chini ya yale maneno ya mwanzo, akasema, "Hii ndiyo." Nikamwambia sentensi inaendelea. Akasema karatasi ya chokoleti ni ndogo. Nilipokuja kushtuka zilikuwa zimechapwa laki moja, na mimi ni mdogo sana pale, Mjomba, ningefanya nini?

Nilitaka kukuandikia. Kila nikianza naona uso wako unasoma. Ile karatasi nyeupe niliitumia kwa kuogopa, nakiri. Nilidhani labda haitafika huko kwenu, labda itauzwa huku tu, na kitabu kikitoka kitasahihisha kila kitu.

Niambie la kufanya nitalifanya.

Mpwa wako


15 Juni

Chiriku,

Ulisema utafanya nitakalokuambia. Bahati nzuri sikusubiri, niliwaandikia kampuni mwenyewe. Nilitaka waandike kwa Mkurugenzi kwamba walitumia maneno yangu bila ridhaa.

Mkuu wa mauzo amenijibu kwa heshima kubwa. Karatasi nzuri, nzito. Ananishukuru kwa ushirikiano wangu na anashangaa kusikia nina malalamiko, maana wao hawachapi jina la mtu bila idhini. Ameambatisha nakala ya idhini hiyo. Ni barua ya tarehe kumi na mbili Februari. Inasema mimi nimeridhia sentensi hiyo itumike "kama ilivyo hapo chini", na hapo chini ipo, imekwisha kukatwa, na nukta yake. Imetiwa saini yangu.

Saini hiyo nimeiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Ni nzuri kuliko yangu. Mkia wa herufi ya mwisho umepinda kushoto, kama ninavyopinda mimi, kama nilivyokufundisha kupinda ulipokuwa na miaka tisa na hukutaka kuandika mpaka nikuoneshe naandikaje jina langu.

Sitaonesha mtu nakala hii. Wasiseme tena kwamba mimi ni mpokea hongo na mpwa wangu ni mghushi, moja linatosha. Lakini uniandikie, na safari hii usiandike kuhusu mkuu wa mauzo.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Ni mimi. Sentensi niliikata mimi. Mkuu wa mauzo alikuwa amekwisha kukata tamaa, alisema basi tuandike ni tamu. Mimi nikamwambia ipo sentensi, na ipo na jina la mtaalamu. Alisema nikileta idhini, dawati ni langu hata kesho. Ningerudi kwenye vumbi baada ya wiki saba, daktari alikuwa ameshaniambia kifua changu hakitaki vumbi. Niliandika idhini ile kwenye meza ya jikoni mchana, mama akiwa hospitali na goti lake. Alipojua, mwezi wa nne, alitupa sahani chini. Hajawahi kuvunja kitu maisha yake yote.

Hayo ndiyo nilipaswa kuyaandika mwanzo. Lakini kuna mengine, na nikiyaacha tena nitakuwa nimekata sentensi nyingine.

Nilipomaliza shule uliniambia niombe kazi ya kupanga kadi kwenye ofisi ya kamusi. Niliandika barua ya maombi, ukaisoma, ukasahihisha neno moja tu, ukasema utaipeleka kwa mkono. Baada ya mwezi ukaja na sura ya msiba, ukasema wamenikataa, wanataka mwenye shahada. Nililia siku mbili. Uliniletea chai kitandani. Kisha nikarudi kwa mama na nikaingia kiwandani.

Miaka miwili iliyopita nilipokuja kukuona, nilikuwa natafuta uzi nishone kifungo cha shati lako. Kwenye droo ya chini ya kabati nilikuta bahasha ina mwandiko wangu. Ilikuwa imefungwa bado, kwa gundi niliyoipaka mwenyewe. Niliirudisha nikashona kifungo kwa uzi mweusi wa kwenye pindo la pazia.

Sikukuuliza. Nilitaka uniambie wewe. Siku ile naandika jina lako sikuwa nawaza kifua changu tu.

Mpwa wako


12 Agosti

Mpwa wangu,

Nimechelewa kwa sababu nimekuwa nikitafuta jinsi ya kuandika hili bila kujitetea.

Barua yako sikuipeleka. Nilifika nayo mpaka mlango wa Mkurugenzi, wa wakati ule, si huyu, nikarudi nayo. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikutaka waseme naingiza ndugu kazini. Hiyo ni sababu nzuri na si ya kweli. Ulikuwa na miaka kumi na minane na wiki moja kabla ya hapo ulikuwa umenionesha makosa matatu kwenye prufu nilizozileta nyumbani, ukiwa unamenya viazi. Niliona kwamba baada ya miaka mitano utakuwa umekaa nilipokaa, na mimi nitakuwa mjomba wa yule binti hodari. Niliogopa mtoto wa dada yangu. Hakuna mtu mwingine anayelijua hili, na dada yangu akilisoma namwomba asinijibu.

Kwa hiyo nilikutia kwenye vumbi lile mimi. Naliandika lote, na nukta naiweka mahali pake.

Lakini miaka miwili umekuja kwangu, umeosha vyombo vyangu, umenishonea vifungo, ukijua. Ukaniuliza neno, nikakupa nilichokuwa nacho chote. Nilipokuwa nikikuandikia kuhusu kijiti na povu nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo kwa muda mrefu, na wewe ulikuwa unatafuta pa kukata. Mambo haya mawili nayaweka pamoja mezani kila asubuhi, na hakuna linalolifuta lingine.

Kazini mambo yamekwisha. Nimepewa likizo ya kusubiri kustaafu. Kitabu kitatoka kwa jina la ofisi, bila jina la mtu. Mkurugenzi alisema hivyo akitazama mikono yake. Nimerudisha kile kiti.

Sikuombi ufanye lolote.

Mjomba wako


3 Oktoba

Mjomba,

Hukuniomba, lakini nimefanya, tena nimechelewa.

Kwanza nilikwenda kwa mkuu wa mauzo nikamwambia saini ile niliiandika mimi. Hakupiga kelele. Alifunga kifuniko cha kalamu, akanyoosha mkono, akataka ufunguo wa droo. Nimerudi kuchambua, ninavaa kitambaa puani. Ameniruhusu nibaki kwa sababu, alisema, karatasi zile bado zinauza.

Kisha nikasafiri. Nilifika mji wako Jumatano. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwenu na nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, ndipo Mkurugenzi akaniona. Nilimwekea mezani ule ukurasa wako na koma yake, na nakala ya idhini, na daftari langu la shule lenye majaribio ya saini. Nikamweleza kwamba wewe hukujua kitu.

Alivisoma bila haraka. Akasema, "Binti, haya ungeyaleta mwezi wa tano."

Nikasema, "Ningeyaleta mwezi wa tano ungemrudishia jina lake?"

Alitazama saa ya ukutani. Akasema ana wageni.

Nilipokuwa natoka, mama mpangaji wa kurasa alinifuata hadi kwenye ngazi na mfuko wa karatasi. Ndani yake kulikuwa na kitabu, bado kinanuka wino. Jina lililo kwenye jalada ni la Mkurugenzi. Si la ofisi, Mjomba, ni lake. Nilifungua palepale kwenye neno chokoleti. Ni maelezo yako neno kwa neno, xococ na chichic na kijiti na povu, mpaka yale maneno matano ya mwisho. Ameondoa sentensi ya kwanza tu, ile aliyosema ina kiburi.

Nikamwambia yule mama, "Kumbe mimi ndiye niliyempa Mkurugenzi kitabu hiki."

Akasema, "Usijipe ukubwa. Jalada hili nililipanga mwezi wa tatu, nikaambiwa nifunge mdomo, na jina lilikuwa hilo hilo. Alikuwa anatafuta sababu. Karatasi yenu ilimwokoa kutafuta." Halafu akasema nikuletee kitabu, na nikuambie kwamba kwa kunyamaza kule yeye mwenyewe amelala vibaya tangu mwezi huo.

Sikukuletea. Nilifika hadi kona ya mtaa wako. Niliona mashati yako mawili na taulo kwenye kamba, na wewe ulikuwa ndani, redio ilikuwa imewashwa. Sikuweza kubisha. Nilirudi kituoni, na kitabu nimekiweka pamoja na barua hii.

Mama anasema nikuulize kama kosa langu limepungua sasa, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimeshaibwa kabla yangu. Nilimwambia hilo haliulizwi. Naona nimeliuliza.

Mpwa wako


2 Novemba

Mpwa wangu,

Kitabu kimefika. Nimekisoma chote kwa siku nne, nikiwa nimekaa, mwambie dada yangu. Ni kitabu kizuri. Kwenye herufi M ameliacha kosa moja ambalo nilikusudia kulirekebisha kwenye prufu za mwisho, hivyo nina hakika hakukisoma.

Mama mpangaji wa kurasa amekuja nyumbani. Alikaa mlangoni kabisa, akasema yuko tayari kusimama popote aseme alichokiona mwezi wa tatu. Nimemwomba anipe muda. Zipo kadi zangu za maneno, elfu kumi na moja, zote kwa mwandiko wangu, na Mkurugenzi hajui nimezihifadhi wapi. Kwa hiyo nitakutana naye, mahali penye watu, na sina wasiwasi.

Kuhusu ulivyofika mpaka kona ya mtaa. Nilikuona. Nilikuwa dirishani, nikakutambua kwa unavyobeba mfuko kwa mikono miwili. Niliweka mkono kwenye komeo la mlango, nikasimama hapo. Nilijiambia ukibisha nitafungua. Hukubisha, na mimi sikufungua, na ulipoondoka nilikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima.

Sasa swali la dada yangu. Nimelifikiria bila hasira, kama ninavyolifikiria neno. Mkurugenzi alichukua kitabu kizima, miaka thelathini na moja, na alikuwa ameshakichukua huku akiniletea kiti. Wewe ulikata sentensi moja, nami nilikuwa nimekukosea kabla. Mtu yeyote akiyapima haya atasema kosa lako ndilo jepesi, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo kwa ajili yake sijakosa usingizi hata usiku mmoja. Yeye sikumlea.

Mjomba wako